Mti wa Supu Kando ya Barabara ya Namanga

Jumapili moja ukipata nafasi, wachukue watoto mpande matatu ya kwenda Kajiado. Mkishapita Athi River mtaingia Kitengela, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa nyama choma na ploti. Msishuke hapo. Endeleeni hadi muipite Isinya, nyumba zipungue na nyika ijitokeze, kisha mtazame nje ya dirisha.

Miti ya miiba mtakayoiona si ya aina moja. Ule wenye gome la manjano, unaopenda mabonde yenye maji, siusemi huo. Tafuteni mti wenye gome jeusi lililopasukapasuka, miiba mirefu iliyonyooka, na maganda yaliyobanwa kati ya mbegu na mbegu hata yakafanana na shanga zilizotungwa uzini. Wamaasai huuita olkiloriti. Sisi twasema mgunga tu, jina tunalowapa na ndugu zake wote, na huo ni uvivu wetu. Wataalamu waliuita Acacia nilotica, mpaka mkutano wao wa Vienna mwaka 2005 ulipoiachia miti ya Australia jina hilo. Sasa wetu ni Vachellia nilotica. Mbuzi hawana habari. Maganda wanayala vilevile.

Maua yake ni vidonge vya manjano vyenye harufu nzuri. Kule Japani familia nzima hutandika mikeka chini ya miti ya sakura ili kutazama maua. Hapa anayeyajali ni nyuki.

Sifa ya mti huu iko kwenye gome. Huchemshwa, maji yakawa mekundu na machungu kidogo, yakachanganywa na supu ya nyama. Katika olpul, kambi ya porini ambako morani huenda kula nyama kwa siku nyingi, supu hiyo husifiwa kwamba huyeyusha mafuta tumboni na kumtia mtu nguvu. Mwaka 1964 mtafiti Mmarekani George Mann na wenzake waliandika kuhusu Wamaasai wa Tanganyika, walaji wa maziwa na nyama ambao kolesteroli yao ilikuwa chini. Je, ni gome? Watu wale pia walitembea mno, kwa hiyo usitupe dawa za daktari wako.

Gome hilo hilo hulainisha ngozi, na mbao zake ngumu hutoa makaa makali. Hapo ndipo balaa lilipo, kwani mti unaofaa kwa kila jambo hukatwa kwa kila jambo.

Tulipokuwa huko, mwanafunzi mmoja alitaka kubandua gome kuuzunguka mti mzima. Mzee aliyetutembeza akamshika mkono.

"Mjukuu wangu, ukimchuna ng'ombe leo, kesho utakamua nini?"

Akaeleza kwamba mti uliovuliwa gome pande zote hufa, maana chakula cha mizizi hupitia humo. Yeye alikata tawi moja, akabandua la kutosha sufuria, basi.

Jioni tulirudi Kitengela tukaagiza supu. Nikamuuliza mama mwenye hoteli gome analipata wapi. Akaonyesha kwa kijiko ua la mawe ng'ambo ya barabara.

"Zamani nilikuwa nalitoa pale. Siku hizi naletewa na basi, kutoka mbele ya Kajiado."