Goma: mama wa Bulengo achagua kisu kisichojikunja

Mama mmoja aliyekimbia vita vya Masisi na kufikia kambi ya Bulengo alikuwa na kisu cha kukunja kisicho na kifungio. Siku moja binti yake alikuwa anakata kamba ya hema. Kisu kikajikunja, kikamkata kidole. Tangu hapo mama hakumruhusu kukishika.

Sokoni alikuta viwili vya mpini wa mti. Cha bei rahisi kilikuwa kikali sana. Lakini alipobonyeza mgongo wake mezani, vidole vikiwa mbali, kilijikunja. Cha pili kilikuwa na pete ya chuma shingoni, mtindo wa Opinel wa Ufaransa, uliowekewa pete hiyo mwaka 1955. Akazungusha pete, akabonyeza. Hakikusogea.

“Mama, hicho ni bei kali,” muuzaji akamwambia.

“Na kidole cha mtoto, baba, ni bei gani?”

Wiki ile walikula bila mafuta. Kila jioni mama anakipangusa kisu, maana mti ukilowa unavimba na kisu kinagoma kufunguka. Binti sasa anakata lengalenga mwenyewe. Kabla ya kuanza, anamuonyesha mama pete.