Wakili Alipwe Lini?

Mwezi wa Februari 2025 nilimsindikiza mwenzangu kwenye kesi yake hapa Minneapolis, Marekani. Ni dada wa kutoka Nyamira, tulifanya naye kazi miaka sita katika nyumba ya kutunzia wazee. Kuinua wagonjwa kulimmaliza mgongo. Aliomba mafao ya ulemavu, ombi likakataliwa mara mbili, na sasa alikuwa mbele ya hakimu.

Mtaalamu wa ajira alitaja kazi tatu ambazo, kwa maoni yake, dada yule angezimudu akiwa amekaa. Wakili wetu alikuwa kimya muda mrefu. Zamu yake ilipofika akauliza swali moja: kama mfanyakazi huyu analazimika kujilaza mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, nje ya muda wa mapumziko, kuna mwajiri atakayemweka? Mtaalamu akatazama karatasi zake. "Hakuna," akasema.

Swali lile ndilo lililomrudishia dada haki yake. Na siku anauliza, wakili alikuwa hajalipwa hata senti moja.

Huku kesi za mafao ya Social Security, shirika la hifadhi ya jamii la Marekani, huendeshwa hivyo. Wakili hulipwa akishinda tu, na hulipwa kutoka kwenye malimbikizo, yaani zile fedha ambazo mteja angekuwa ameshazipata tangu siku aliyostahili. Kwa mkataba wa kawaida huchukua robo yake, lakini asivuke kikomo kilichowekwa: dola 6,000 tangu 2009, kisha 7,200 mwishoni mwa 2022, na 9,200 tangu mwishoni mwa Novemba 2024. Malimbikizo ya dada yalifika dola 28,000, kwa hiyo wakili alipata 7,000. Dada hakuzishika fedha hizo. Zilikatwa kulekule Social Security na kupelekwa kwa wakili, na barua ikaja nyumbani ikionyesha hesabu yote. Mkataba wenyewe lazima uidhinishwe na Social Security, na wakili akidai nyongeza kando bila idhini, ni kosa la jinai. Alichotoa dada mfukoni ni dola 85 za nakala za rekodi za hospitali.

Nilimsimulia mjomba wangu aliyeko Kenya kwa simu. Mjomba amefundisha shule za msingi Kilifi miaka 34, na alipostaafu, ofisi moja Nairobi iliruka miaka minne katika kukokotoa pensheni yake. Barua za kuajiriwa anazo, zote ndani ya faili la kahawia alilolifunga kwa kamba ya katani. Wakili aliyemwendea Mombasa alimsikiliza vizuri, akakubali kwamba kesi anayo, kisha akataka shilingi 40,000 za kufungua faili. Mjomba alipanda matatu akarudi nyumbani. Angekuwa na 40,000 za kuweka mezani, asingekuwa anahangaikia pensheni.

"Na huyo wakili wenu," akaniuliza, "muda wote huo alikuwa anakula nini?"

Ni swali zuri, na lilinichukua muda kulijibu. Alikuwa anakula kesi za wengine. Ana kesi nyingi, na huzichagua. Mtu anayeambiwa kwamba alizidishiwa mafao na sasa arudishe hana malimbikizo yoyote, kwa hiyo hakuna robo ya kukata, na mawakili wengi hawamgusi. Hubaki kutafuta ofisi za msaada wa bure, zenye foleni ndefu. Halafu kadiri kesi inavyokawia, malimbikizo huongezeka, na robo ya wakili nayo. Sidhani wakili wa dada alichelewesha chochote, lakini utaratibu unaomfaidi wakili mteja anapongoja unahitaji kile kikomo kweli kweli.

Kenya, hata wakili mwenye huruma angekwama. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu. Hofu iliyo nyuma yake naielewa: wakili akiwa na fungu lake ndani ya kesi, anaweza kumnyonya mteja. Lakini anayelindwa hapo ni mtu aliyekwisha kumpata wakili. Mjomba hakufika huko. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2010 inasema ada isiwe kizuizi cha kupata haki, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, ila wazee wangapi vijijini wamewahi kuambiwa?

Tena kushinda kwenyewe si kulipwa. Kwa kawaida mali ya serikali haikamatwi kwa deni lililoamriwa na mahakama. Mshindi huchukua cheti, akikaliwa kimya arudi mahakamani kuomba afisa mhusika alazimishwe. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2003 walishinda kesi yao Nakuru mwaka 2008, na wengi walizikwa wakisubiri. Ni wakili gani angengoja nao bila shilingi?

Ndiyo maana, badala ya malipo ya kushinda tu, ningeanza kwa kuazima kitu kingine. Marekani ina sheria ya 1980: kesi ikifika mahakama ya shirikisho, na serikali ikashindwa bila kuwa na msingi wa maana, serikali ndiyo hulipa ada ya wakili. Wakili akipata pia fungu kwenye malimbikizo kwa kazi hiyohiyo ya mahakamani, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili humrudishia mteja. Aliyekosea hesabu ndiye abebe gharama ya kuisahihisha. Kwa pensheni tu, Bunge letu lingeweza kuanzia hapo, na kuruhusu fungu dogo lenye kikomo.

Zile 40,000 nilizituma mimi, nusu Machi na nusu Aprili. Barua ya madai imeshapelekwa Nairobi. Risiti ya wakili mjomba ameiweka juu kabisa ya faili, akaifunga upya ile kamba.