Aston Iliponukia Siki

Ukishuka basi Aston, kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la Birmingham, pua ndiyo iliyokuwa ikikuambia umefika. Siki, kali yenye utamu kwa mbali, ikitoka kiwanda cha HP, ile sosi ya kahawia ambayo Waingereza huimwagia soseji na mayai. Bomba la siki lilikatiza juu ya barabara kuu, magari yakipita mbio chini yake. Siku za manyunyu, na huko manyunyu hayaishi, harufu ile iliingia hadi kwenye nguo ulizoanika chumbani.

Nilipanga katika nyumba ya matofali mekundu, zile zilizoungana kuta mtaa mzima, jirani akikohoa unamsikia. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mstaafu wa viwanda vya chuma, mikono yake mipana, kucha zimekomaa. Jumapili alikuwa akigonga mlango wangu: njoo, chai tayari. Chai ya rangi nzito, maziwa yanatiwa mwisho, na mkate uliochomwa ukapakwa siagi hadi pembeni. Tukishamaliza, anafungua kabati la santuri.

Alizishika kwa kingo tu, kati ya viganja viwili, akazipuliza vumbi, akashusha sindano polepole. Mkwaruzo kidogo. Kisha mvua, kengele ya kanisa, ngurumo. Halafu gitaa likaingia na sauti tatu tu, nzito, zinazokawia. Mimi nimelelewa Tanga kwenye taarabu ya kundi la Black Star, nimezoea gitaa linalobembeleza. Hili lilikuwa linakanyaga. Dirishani nako mvua ya kweli ilikuwa inanyesha, nikawa sijui ninasikiliza ipi.

"Hao ni vijana wa hapa hapa," alisema mzee.

Ndivyo ilivyokuwa. Black Sabbath walianza mwaka 1968, wote wanne ni wa mitaa ile: Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi, Bill Ward wa ngoma na Ozzy Osbourne mwimbaji. Santuri ile ndiyo albamu yao ya kwanza; waliirekodi London mwaka 1969, karibu yote kwa siku moja, wakipiga kama walivyozoea jukwaani. Ilitoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970.

Lakini mzee hakuwa mtu wa tarehe. Kisa alichokipenda ni cha vidole vya Tony. Alikuwa kijana wa miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani kabla ya kwenda kupiga muziki. Aliyezoea mashine ya kukata bati hakuja kazini, Tony akawekwa pale. Mashine ikashuka, akavuta mkono, na ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zikabaki humo. Naye ni wa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo vidole alivyobania nyuzi.

Hapo mzee alinyanyuka, akaleta chupa tupu ya sabuni ya vyombo kutoka jikoni, akaiweka mezani kati ya vikombe vyetu. Tony aliyeyusha plastiki kama hii, akaniambia, akaifinyanga iwe vikofia vya vidole, akaichonga hadi ikamkaa, kisha akaivika ngozi ya koti kuukuu ili isiteleze. Alikuwa akinionyesha kwa vidole vyake mwenyewe, cha kati na cha pete, akivibonyeza ubavuni mwa chupa. Tony akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza, na ndiyo maana gitaa la albamu yao ya Master of Reality, ya mwaka 1971, linanguruma chini namna ile. Mpaka leo nikiisikia naiona chupa ile. Kwangu mimi, muziki wa hevi metali wote unatoka mezani pale, kwa fundi aliyekataa kuacha kazi ya mikono yake.

Jioni zisizo na mvua tulitembea hadi Lodge Road, tukapita namba 14 alikokulia Ozzy na ndugu tele. Uwanja wa Villa Park uko jirani. Ozzy mdogo alikuwa akijipatia senti kwa kulinda magari ya waliokuja kutazama mpira, kama watoto wa kwetu nje ya viwanja. Mzee alimpenda Ozzy, ila heshima yake kubwa alimwekea Bill Ward. Ngoma zake zina jazi ndani, alisisitiza, sikiliza anavyoyumba.

Kiwanda cha sosi kilifungwa mwaka 2007, kikabomolewa. Nilikuwa nimeshahama.

Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne wa Black Sabbath walipanda jukwaa la Villa Park kwa mara ya mwisho, Ozzy ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, mwili umechoka, sauti bado inasukuma. Siku 17 baadaye alifariki. Nyimbo zao siku ile ya Villa Park zilikuwa nne tu: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid. Nilipozitazama, nilimtafuta kwanza Bill Ward, ambaye hakuwemo kwenye albamu ya mwaka 2013 wala ziara ya kuagana iliyoishia Birmingham mwaka 2017. Alikuwepo, kifua wazi, miaka 77, na alikuwa anayumba vilevile alivyosema mzee.