Asilimia 5 ya Shilingi Ngapi?

Brooklyn Park, Minnesota – Picha ya ukurasa wa gazeti iliingia Jumamosi usiku katika kundi la WhatsApp la familia. Aliyeituma ni dada mkubwa wa mwandishi wa barua hii, mama mboga katika soko la Kangemi, Nairobi, na chini yake aliandika neno moja: "Afueni!" Kifungua mimba wake anasubiri kuingia chuo kikuu, na gazeti limemwambia kwamba mtoto wa familia yenye kipato cha chini kabisa atagharamiwa asilimia 95. Mdogo wake huku ughaibuni aliisoma makala hadi mwisho, usingizi ukamruka. Hakuona uongo hata sentensi moja. Kilichomuudhi ni mpangilio.

Makala inafungua na msichana aliyesimama langoni mwa chuo na sanduku la bati, mama yake akijifuta machozi kwa ncha ya leso. Moyo wa msomaji ukishalainika, anasogezewa kauli ya mkubwa wa wizarani. Kisha zinafuata asilimia, moja baada ya nyingine: 70, 25, 95. Shilingi hazionekani mpaka aya ya mwisho kabisa, pembeni mwa tangazo la ploti za Kitengela, mahali ambapo mtu aliyeamka saa tisa usiku kwenda kuchukua mboga hafiki. Huruma kwanza, mamlaka pili, hesabu mwisho. Aliyeipanga hivyo anaijua kazi yake.

Chanzo cha yote ni mfumo wa kugharamia masomo ya vyuo vikuu uliotangazwa na Rais William Ruto Mei 2023. Kabla ya hapo mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na Serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Serikali ilitakiwa kufidia asilimia 80 ya gharama. Ikafika mahali inatoa chini ya nusu, vyuo vikazama katika madeni. Tatizo lilikuwa la kweli, na lazima pesa zitoke mfukoni mwa mtu. Mfumo mpya ukazipanga familia katika bendi tano kulingana na kipato. Bendi ya kwanza ni ya nyumba isiyopata zaidi ya shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya tano ni ya wanaopata zaidi ya 120,000: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40.

Asilimia 5 inasikika kama bei ya chai na mandazi. Basi ichukuliwe kozi ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotajwa kugharimu 612,000 kwa mwaka mfumo ulipoanza. Kwa bei hiyo ya wakati ule, asilimia 5 ni 30,600. Yaani familia maskini kuliko zote ilidaiwa karibu mara mbili ya zile 16,000 za zamani, na hata kama ingekusanya kipato chake chote cha miezi mitano bila kula, isingefikisha. Ule mkopo wa asilimia 25 nao ni 153,000. Kozi ikienda miaka 6, deni linafika 918,000 kabla ya riba, na kabla ya mkopo wa kujikimu. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka na huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo kumalizika. Asiyelipa hupigwa faini ya 5,000 kila mwezi. Deni hilo ndilo lililojumlishwa ndani ya asilimia 95, likaitwa msaada.

Huku Marekani mbinu hiyo ina mvi. Mtoto akikubaliwa chuoni hutumiwa barua ya pongezi yenye nembo ya kupendeza. Ndani yake kuna orodha: ufadhili wa chuo, ruzuku ya serikali, kisha mikopo miwili mitatu, mara nyingine kwa vifupisho ambavyo mzazi hawezi kuvielewa. Vyote hujumlishwa mstari wa chini kwa wino mzito, kana kwamba vimetoka mfuko mmoja. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la nchi hii, ilizichambua barua hizo na kukadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havimwandikii mzazi gharama atakayobaki nayo, ama huiandika pungufu. Na hiyo ni nchi ambayo tangu Oktoba 2011 sheria inavilazimisha vyuo kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Zaidi ya watu milioni 40 wanadaiwa mikopo ya masomo ya serikali kuu, jumla ikiwa takriban dola trilioni 1.6.

Kwa kuwa wameungua, wazazi wa huku wamejifunza swali moja, nao huliuliza kabla hata ya kuketi: ya kurudisha ni ngapi? Nyumbani swali ni lingine kabisa: wamempa? Akijibiwa ndiyo, simu zinapigwa hadi shags, mchungaji anajulishwa, mbuzi anatafutwa. Furaha ile ni tamu na mwandishi huyu anaikosa mno. Lakini watu wale wale, wakishika suruali ya mtumba pale Kawangware, huigeuza nje ndani, huvuta mishono, hukataa bei ya kwanza na ya pili. Mkopo wa karibu milioni moja unapita bila kugeuzwa. Wapendwa wa Kangemi, Uthiru na Kawangware, hilo si sawa. Wahariri wa katikati ya jiji nao wanajua fika kwamba msomaji wao anaishi kwa shilingi, ila wanamhudumia asilimia.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Comrades wa vyuo vikuu walipopanga kuandamana kuupinga mfumo huo Septemba 2024, baadhi ya makala za kuwatetea ziliibeba 612,000 hadi kwenye kichwa cha habari, kana kwamba hata anayesoma historia atadaiwa kiasi hicho, na sehemu ya ufadhili ikafichwa aya ya mwisho. Makala ya kwanza ilifariji, hizi zikatisha, na msomaji akanyimwa hesabu kamili pande zote mbili. Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza punguzo la karo la kati ya asilimia 15 na 40. Asilimia tena, na furaha ikapanda tena kabla mtu hajauliza ni punguzo la bei ipi.

Kwa hiyo mzazi akipokea makala ya karo, aanzie aya ya mwisho. Kila asilimia aigeuze shilingi kwa kikokotoo cha simu, na kila mwaka auzidishe kwa urefu wa kozi. Mkopo autoe kwenye safu ya msaada, auandike kwenye safu ya deni, kwa jina la mtoto. Penye neno "hadi", kama "hadi asilimia 95", aulize ni wangapi wanaofika huko na yeye atasimama wapi. Bendi ikiwa haimfai akate rufaa. Mwaka 2024 njia hiyo ilifunguliwa. Mambo ya HELB asiyapate kwa jirani: apande matatu ya Waiyaki Way hadi mjini, Anniversary Towers, University Way, na aandikiwe majibu.

Wanaotaka kuvuka bahari wajihadhari zaidi, maana mawakala wa Westlands hupenda kutaja ufadhili wa dola 10,000 bila kutaja karo yenyewe. Mgeni mwenye viza ya F-1 hapati mkopo wa serikali ya Marekani, na muhula ukiendelea haruhusiwi kufanya kazi ya chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kabla ya kuuza shamba, familia iombe kuiona fomu ya I-20 inayotolewa na chuo chenyewe. Ina sehemu mbili za fedha: makadirio ya gharama, na fedha zilizopo pamoja na zinakotoka. Kwenye fedha hizo, mstari wa fedha binafsi au za familia ndio wa kusomwa kwa sauti mezani, baba, mama na mtoto wote wakiwepo.