Kengele ya Batasema

Katika nyumba ya baba yangu, karibu na Kambove, kuna kengele moja ya mti iliyotundikwa ukutani. Zamani mgeni akiuliza, baba alijibu tu: "Ni ya mbwa yetu." Na mimi nilinyamaza. Leo nataka kueleza sababu.

Katika mwaka 1993 nilikuwa na miaka 14. Baba alifanya kazi ya mgodi, lakini wakati ule mshahara ulichelewa, mara miezi miwili, mara mitatu, na posho ya unga ilikuwa imekoma. Mama alilima shamba. Baba, siku asipokuwa na kazi, alichukua mkuki wake na kwenda mu pori pamoja na Batasema.

Batasema alikuwa mbwa mdogo, mwekundu, mwenye kifua cheupe, masikio ya kusimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Babu alitupatia yeye kutoka kijijini. Mbwa wa namna ile hawabweki kama wengine. Wakifurahi wanatoa sauti ndefu, kama mutu anayeimba bila maneno. Ndiyo sababu baba alimpa jina hilo: "Yeye hasemi kitu, lakini batu batasema."

Na kweli walisema! Vijana wa kambi walinicheka: "Angalia mbwa ya basenji!" Nilisikia haya. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba Wazungu walipeleka mbwa hao Ulaya na Marekani, na kwamba tangu miaka ya 1940 wameandikwa rasmi Marekani kama kabila lao la pekee la mbwa. Kwa jina gani? Basenji. Tusi letu limekuwa huko jina la heshima.

Kwa kuwa mbwa huyo habweki, mwindaji anamfunga kengele ya mti shingoni. Mkiwa njiani, mnaijaza majani ili nyama wasisikie. Mkifika, mnatoa majani, mnamwachilia mbwa. Kengele inalia, nyama anakimbia, na mwindaji anajua mbwa wake yuko wapi. Kazi ya kutoa majani ilikuwa yangu.

Lakini mwaka ule nilikuwa na siri. Baba alichukia mitego ya waya. Alisema: "Waya haijue mama mwenye mimba, haijue mtoto. Na wewe mwenyewe utasahabu fasi uliitega." Sikusikia. Nyuma ya nyumba kulikuwa kinga yetu ya zamani, bila matairi. Nilitoa waya wa freni, nikaufungua nyuzi nyuzi, nikatega mitego mitatu karibu na kichuguu kimoja kikubwa, katika njia ya kabuluku. Nilitaka kuuza nyama ninunue viatu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane tulikwenda kuwinda. Akili yangu ilikuwa kwa mitego yangu. Nilifungua kamba, Batasema akaruka ndani ya manyasi. Tukasikiliza. Kimya. Baba alipiga mluzi mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akaniuliza:

"Ulitosha majani mu kengele?"

Moyo wangu ulishituka. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Ndiyo, baba."

Neno hilo moja ndilo lililomwua mbwa wetu. Kama ningesema kweli, baba angejua kwamba kengele haiwezi kulia, naye angemtafuta pale karibu kwa macho. Sasa aliwaza kwamba Batasema amekwenda mbali sana. Siku mbili alimtafuta ng'ambo ya mto.

Siku ya tatu nilikwenda peke yangu kwenye kichuguu. Alikuwa pale, waya shingoni. Udongo wote wa kando ulikuwa umechimbwa kwa miguu yake. Hakufa upesi. Nililia, lakini hata katika kilio changu nilificha: nilitoa waya, nikautupa. Nilitoa majani katika kengele. Ndipo nilipomwita baba.

Aliangalia shingo ya mbwa, akaangalia kengele, hakusema kitu. Alichimba kaburi yeye mwenyewe, chini ya mti wa musuku. Usiku ule hakugusa bukari yake.

Miaka 13 ilipita. Katika 2006 mtoto wangu mwenyewe alinidanganya juu ya jambo dogo, akiniangalia usoni. Nilitaka kumpiga. Mkono ulinishinda. Kesho yake nilikwenda kwa baba, nikaketi chini, nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema: "Nilijua tangu siku ile. Jani moja lilibakia mu kengele. Na ile kinga, niliiangalia: freni haikukuwa na waya."

"Sasa, baba, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Wazazi, sijui kama mimi ningeweza kungoja namna ile. Na ninyi vijana, kama uko na neno ambalo unaficha baba ao mama, usilale nalo miaka 13 kama mimi. Batasema hakuweza kuita, kengele yake ilikuwa imejaa majani. Mimi nilikuwa na kinywa.

Kengele ingali ukutani. Siku hizi mgeni akiuliza, baba ananiangalia, na mimi ndiye ninayeeleza.