Mwenyeji wa Mringaringa

Nilikuwa na miaka sita niliposikia mlio wa perere kwa mara ya kwanza, nikaamini kuna mtu anakabwa migombani. Ulianza kama mlango wenye bawaba kavu, ukapanda pole pole, ukaishia kwa mayowe. Nilijikunyata ubavuni mwa Babu. Yeye akanishika mkono, akanitoa nje bila koroboi.

"Mjukuu wangu, huyo ni mwenyeji wetu," akasema. "Akilia hivyo mvua haiji usiku huu. Sasa tazama juu."

Ilikuwa Januari 1984. Kaskazini, juu ya kilele cha Kibo, lilikaa kundi dogo la nyota. Babu aliliita Kilimia, akanifundisha kwamba likizama na mvua litaibuka na jua. Kweli kila Mei lilitoweka machweo tukiwa kwenye masika, na Juni lilirudi alfajiri, ardhi imeanza kukauka. Kusini, tambarare yote ya Moshi ilikuwa giza lenye taa za kuhesabika.

Perere ana ukubwa wa sungura, hana mkia, na wataalamu wanasema ni jamaa wa tembo. Mchana hulala ndani ya tundu la mti mkubwa. Wetu alikaa kwenye mringaringa nyuma ya zizi, mti ambao hata Babu aliukuta ukiwa mzee. Chini yake kulikuwa na kahawa na migomba. Juu yake hondohondo walipiga kelele tangu asubuhi. Kihamba, shamba letu la nyumbani, kilikuwa na ghorofa, na kila ghorofa ilikuwa na wenyewe.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Kahawa iliyowasomesha baba zetu ikashindwa kulipa ada zetu. Mwaka 1996 mringaringa uliuzwa kwa mpasua mbao. Nilikuwepo msumeno ulipofika kwenye tundu: ndani mlikuwa na majani makavu na manyoya ya kahawia, laini kama pamba. Babu aliyaokota, akayashika kiganjani kwa muda mrefu, hakusema neno. Tulipanda migrevilea, inayokua haraka na kunyooka vizuri, lakini huvunwa ikingali michanga, haifikii umri wa kuwa na matundu. Usiku ukanyamaza.

Babu alipofariki mwaka 2003, nilianza kuandika alichokuwa akikihifadhi kichwani. Nilisimika kopo lenye kingo zilizonyooka mbali na paa, na kila saa moja asubuhi napima maji kwa rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita ishirini imeshusha ndoo nzima pale ninaposimama. Naandika pia saa mawingu yanapofunika Kibo na ndege waliofika. Daftari hilo limenifundisha kutosema "mvua za siku hizi" kabla sijafungua kurasa.

Mlima wenyewe hauhitaji daftari. Kati ya 1912 na 2007 ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Watafiti wengi wanaeleza kwamba joto si sababu pekee: hewa ya juu imekuwa kavu, theluji haijazii tena barafu inayopotea. Ule weupe mpana alionionyesha Babu, wanangu wanauona vipande vipande.

Anga nayo imepungua. Mei, saa tatu usiku, Salibu ya Kusini husimama juu ya Moshi, lakini mwanga wa mji umepanda na kuzimeza nyota ndogo zilizo chini yake. Taa za umeme nyumbani nazo zimetuwezesha kusoma usiku, na siwezi kuzilaumu. Ninachoweza ni kuzima ya nje tukimaliza kula.

Januari iliyopita niliizima, nikasimama na binti yangu. Kutoka korongoni, kule ambako mteremko mkali umeiokoa miti mizee, ulipanda mlio ule wa bawaba kavu. Akanikamata mkono.

"Baba, nani huyo?"

Nikamwambia ni mwenyeji wetu, yuko safarini. Nyuma ya zizi kuna mringaringa nilioupanda mwaka aliofariki Babu. Shina lake limezidi paja langu kwa unene, lakini bado halina tundu. Asubuhi binti yangu alipima kopo mwenyewe, akaandika: mvua sifuri, perere mmoja.