Meza ya Baba na Chumba cha Mikeka Miwili



Juma hili naomba tutafakari jambo linaloweza kuonekana dogo. Nimekipamba upya chumba changu cha kusomea, na baadhi yenu mliofika mmeniuliza kwa upole kama fedha ziliniishia kabla ya kazi kukamilika. La, hazikuisha. Ukuta wa chokaa usio na rangi ya mafuta, mkeka wa ukindu uliofifia na meza yenye kovu la moto, vyote nimevichagua mwenyewe. Ni haki yenu kujua sababu.

Meza hiyo aliitengeneza marehemu baba yangu kwa mbao za mninga, mwaka nilioingia seminari ndogo, ili nipate mahali pa kusomea wakati wa likizo. Kovu lililo katikati liliachwa na kibatari kilichopinduka usiku nikiwa nimesinzia juu ya kitabu. Mguu mmoja ni mfupi kidogo kuliko mingine. Nilipokabidhiwa parokia yangu ya kwanza, baba aliisafirisha kwa lori hadi mlangoni pangu. Nami nikaionea haya. Nilinunua meza ya kioo na kiti cha kuzunguka, nikatundika mapazia mazito, na ile ya baba nikaisukumia stoo, nikapanga makopo ya rangi juu yake.

Siku moja baba alikuja kunitembelea bila taarifa. Alipita karibu na stoo, mlango ukiwa wazi, akaiona. Aliondoa kopo moja, akapangusa vumbi kwa kiganja chake, kisha akalirudisha kopo mahali pake. Hakusema neno. Nami sikusema. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi.

Miaka ilipita, hata nikaja kusoma habari za Mwenye Heri Justo Takayama Ukon, mtawala na askari wa Japani aliyetangazwa Mwenye Heri mjini Osaka tarehe 7 Februari 2017. Ukon alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Sen no Rikyu, bwana mkubwa wa sanaa ya kuandaa na kunywa chai, aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591. Kupitia kwao nilikutana na maneno mawili ya Kijapani, wabi na sabi. Wabi hapo kale lilitaja unyonge na upweke wa mtu aliyepungukiwa, kisha likapata maana ya utulivu wa mtu aliyeridhika na kichache. Sabi ni uzuri unaoletwa na umri: mti uliopauka, chombo kilichochakaa kwa kutumika.

Huko Yamazaki, karibu na Kyoto, kingalipo chumba cha chai kiitwacho Tai-an, kinachohesabiwa kuwa kazi ya Rikyu. Chumba chenyewe ni mikeka miwili tu, yaani mita za mraba zisizofika 4. Kuta zake ni za udongo, na vipande vya majani makavu vinaonekana ndani yake. Mlango wa mgeni ni mdogo kiasi kwamba kila aingiaye, awe bwana au mtu wa kawaida, lazima ainame. Mjesuiti João Rodrigues, aliyeishi Japani nyakati hizo, aliandika kwamba Ukon alizoea kujitenga katika chumba chake cha chai akiwa na sanamu takatifu, ajikabidhi kwa Mungu. Mwaka 1587 mtawala Hideyoshi alimtaka aikane imani. Ukon alikataa, akapoteza milki yake. Mwaka 1614 alifukuzwa nchini, na mwaka uliofuata akafa Manila. Nadhani mtu aliyejifunza kukaa kwa amani katika mikeka miwili alikuwa amekwisha kujiandaa kunyang'anywa ngome.

Lakini tusidanganyike. Hideyoshi naye aliipenda chai, tena alijitengenezea chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu. Na ndiye aliyemwamuru Rikyu ajiue. Hata usahili waweza kuwa pambo la majivuno, mtu akanunua kwa bei kubwa kitu kilichochakazwa kwa makusudi. Tena, mama anayeishi katika nyumba ya udongo inayovuja hafuati mtindo wa Kijapani. Huyo anahitaji bati, na sisi tunaomfahamu tunajua wajibu wetu.

Basi nilifanya hivi. Meza ya kioo niliipeleka ofisi ya parokia. Mapazia mazito niliyashusha ili mwanga wa asubuhi uingie. Ukuta niliupaka chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu kidogo. Vitabu nisivyovifungua kwa miaka nilivigawa. Ukutani umebaki msalaba, na pembeni mtungi wenye tawi moja. Kisha nikaitoa meza ya baba stoo. Fundi alitaka kulipiga randa lile kovu na kupaka vanishi. Nikamwomba aliache, aweke kabari tu chini ya mguu mfupi. Mbao nilizisugua mwenyewe kwa nta ya nyuki.

Sitasema kwamba chumba hiki kimenifariji. Kila asubuhi ninapokaa, mkono wangu hufika pale kiganja cha baba kilipopangusa vumbi, na aibu hurudi. Nimeiacha irudi. Zamani niliificha meza ili watu wasijue nilikotoka. Leo sitaki kuificha aibu ili wasijue nilichomtendea aliyenisomesha. Kosa hilo nimeliungama, nami naamini nimesamehewa; lakini neno nililopaswa kumwambia baba halikusemwa.

Ndiyo maana nawaandikia. Huenda nawe una kitu stoo, kazi ya mikono ya mtu aliyekupenda kwa uwezo aliokuwa nao, nawe ukaiona haifai mbele ya wageni. Kama aliyeitengeneza bado yu hai, usiishie kukitoa na kukifuta vumbi. Nenda kwake, umwambie.

Nawatakieni Dominika njema.

Padre wenu